Umepanda, Umemwagilia, na Wadudu Bado Wapo: Kutafuta Kasoro ya Mimea ya Kufukuza Wadudu

Kabla hujang'oa kitu, nenda kwenye mmea wako uchague jani moja la katikati ya kitawi, si lile la chini lililozeeka wala kichipukizi cha juu kabisa. Lifikiche kwa kidole gumba na cha shahada, kisha unuse. Likiwa jani la mrehani au kivumbasi chenye afya, harufu itakupanda puani kabla mkono haujafika usoni, na vidole vitanukia mpaka unawe kwa sabuni. Likiwa la mchaichai, likunje mara mbili, lipasue, ndipo unuse pale lilipochanika.

Jaribio hili la sekunde kumi ndilo linaloamua usome wapi hapa chini. Harufu ikiwa kali, mmea wako hauna kosa. Kasoro iko kwenye mahali ulipouweka na namna unavyoutumia, au mdudu unayemlenga hajali harufu hiyo. Ikiwa hafifu, au inanukia majani mabichi tu, tatizo ni matunzo au aina uliyopanda. Na kama jani lenyewe linanata, lina unga au limejikunja, ruka mpaka sehemu ya mmea uliovamiwa.

Naanzia puani kwa sababu wengi wetu, nami nikiwa wa kwanza, tulipanda mimea hii tukidhani inafuka mchana kutwa kama udi kwenye chetezo. Haifuki. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya jani, na mpaka yafunguliwe, mdudu anapita pembeni kama anavyopita kwenye nyasi yoyote.

Jani linanukia vizuri, mbu wanauma vilevile

Mrehani, mnanaa, rozmari na lavenda ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote huweka mafuta katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ukiwa na kioo cha kukuzia, geuza jani la mrehani upande wa chini, utaviona kama vitone vinavyong'aa. Vifuko hivyo hupasuka vikisuguliwa, na joto nalo huyafanya mafuta yaruke hewani. Mchaichai ni msiri zaidi. Mafuta yake yamo ndani kabisa ya nyama ya jani, kwa hiyo unaweza kuketi usiku kucha kando ya shina lililokufikia kifuani usinuse chochote. Mbu naye hanusi. Anachokifuata ni hewa ukaa unayoitoa kwa pumzi, harufu ya jasho, na akikaribia zaidi, joto la ngozi yako.

Kwa hiyo mmea uliosimama peke yake kwenye kona ya uwanja, mita kumi kutoka unapoketi, ni pambo. Usogeze. Vyungu vya kivumbasi na mrehani vikae pale ambapo nguo na miguu itavipangusa: kando ya mlango, pembeni mwa ngazi, ubavuni mwa kiti. Jioni giza linapoingia, pitisha kiganja juu ya matawi kama unayemsugua paka mgongoni. Kama kuna upepo, vyungu vikae upande unakotoka ili harufu ipite kwako badala ya kukukimbia. Mchaichai hautoshi kuupangusa. Kata majani, yapasue kwa urefu, yatwange kidogo na uyaweke karibu na miguu. Harufu ikififia, twanga mengine.

Hata ukifanya yote hayo, punguza matarajio. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002, watafiti waliweka vyungu vya mimea hai ndani ya vibanda vya majaribio vilivyozungushiwa wavu, kisha wakawaachia humo mbu wa malaria. Kivumbasi cha jamii ya Ocimum americanum kiliwapunguza mbu kwa takriban asilimia 40. Ni matokeo mazuri kwa mmea uliokaa tu kwenye chungu. Lakini yasome na upande wa pili: kati ya kila mbu kumi ambao wangemfikia mtu, sita bado walimfikia, tena ndani ya wavu ambamo harufu haikuwa na pa kupotelea. Uwanja wazi wenye upepo ni mgumu zaidi. Mahali penye malaria au homa ya dengi, mimea hii ni nyongeza juu ya chandarua na dawa ya kupaka, haichukui nafasi yake.

Kuna mmea mmoja unaostahili kutajwa kwa ubaya. Ni ile jeraniamu yenye majani yaliyochanwachanwa, yenye harufu ya limau, inayouzwa kwa sifa ya kufukuza mbu. Harufu yake ni tamu kweli, lakini ilipojaribiwa ikiwa mzima kwenye chungu haikuwazuia mbu. Ya kwangu niliitunza msimu mzima, mpaka jioni moja nikamkuta mbu ametua juu ya jani lake, ametulia kama mwenye nyumba. Mafuta halisi ya citronella, yale yanayosifika kwa kufukuza mbu, hutoka kwenye nyasi, ndugu za mchaichai, wala si kwenye jeraniamu hiyo.

Sasa inama uangalie chini ya chungu. Kisahani kile cha kupokea maji kinaweza kuwa ndicho kinachokuzalishia mbu unaowafukuza. Ukiona vijiti vyeusi vinavyojinyonga na kuzama ukikigonga kisahani, hao ni viluwiluwi, na kwenye hali ya joto yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu wa Aedes, wale wenye madoa meupe miguuni wanaouma mchana, hubandika mayai kwenye ukingo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Mwaga, kisha sugua ukingo kwa brashi, kila wiki bila kukosa. Au jaza kisahani mchanga mpaka juu na tatizo liishe hapo.

Jani halinukii

Kisa cha kawaida kuliko vyote ni kivuli. Mmea hutengeneza mafuta kwa nguvu inayotoka kwenye jua, na rozmari na lavenda kwa asili ni mimea ya miteremko ya Mediterania iliyo mikavu na yenye jua kali. Vipe angalau saa 6 za jua la moja kwa moja. Ukitaka kuthibitisha, tazama nafasi kati ya pacha moja ya majani na nyingine: shina likiwa refu, jembamba, linaloinamia upande mmoja, mmea unalitafuta jua. Uhamishe polepole, kwa siku chache, usije ukauchoma.

Kisa cha pili huwashangaza watu wenye bidii: mbolea nyingi. Naitrojeni inasukuma majani yakue haraka, na jani lililokua haraka huwa kubwa, laini, la kijani kilichokolea, na mafuta yake hayakolei. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi uleule. Balaa la pili ni kwamba vidukari wanapenda majani laini ya namna hiyo kuliko kitu chochote. Kama umekuwa ukiweka samadi au mbolea ya chumvichumvi kila wiki, acha. Mwagia chungu maji mengi mara moja yapite mpaka chini yasafishe chumvi, kata thuluthi ya juu ya matawi, halafu ngojea majani mapya. Yale ya zamani hayatabadilika, usipoteze muda kuyanusa. Mimea hii ni ya kulelewa kwa ukali kidogo. Mboji kidogo wakati wa kupanda huitosha kwa muda mrefu.

Maji nayo yana lawama yao. Mmea unaoonja kiu kidogo kabla ya kunyweshwa hukoleza harufu kuliko ule ambao udongo wake haukauki. Mrehani peke yake ndio usiupeleke mbali na maji, kwa sababu ukinyauka sana huanza kutoa maua.

Na maua ni kisa kingine. Mrehani ukishachanua, nguvu yote inakwenda kwenye mbegu na majani yanayofuata yanakuwa madogo na magumu. Ukiwa bado mche wenye majani sita hadi manane, kata ncha juu tu ya pacha ya majani. Hapo zitachipuka ncha mbili. Rudia kila zinapopata kimo. Mrehani uliokatwa hivi unakuwa kichaka cha duara, na kila mkato unafungua mafuta, kwa hiyo unafanya kazi mbili kwa mkono mmoja. Ukitaka majani ya kukausha au kutwanga, yakate asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali.

Ukiwa umeondoa visa vyote hivi na bado jani halina kitu, huenda ulipanda mmea usio na harufu tangu kuzaliwa. Mbegu za mnanaa hazizai mama yake. Miche ya pakiti moja inaweza kutoka yenye harufu kali, ya wastani, na isiyo na harufu kabisa. Tafuta mmea uliounusa mwenyewe ukaridhika, kata vitawi vya urefu wa kidole, vitie kwenye maji. Mnanaa na mrehani hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Lavenda na rozmari nazo ni bora kwa vipandikizi kuliko mbegu, na mbegu zake zina uvivu wa kuota unaoweza kukukatisha tamaa.

Mmea wa kufukuza wadudu umevamiwa na wadudu

Inachekesha mpaka ikutokee. Harufu inayomkera mdudu mmoja si kitu kwa mwingine, na wapo wadudu waliozoea mimea hii vizazi na vizazi. Kwa hiyo usione ajabu, tazama ni nani.

Jani likinata na sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, wafuate mpaka wanakoishia. Watakupeleka kwa vidukari, makundi ya wadudu wadogo wa kijani au weusi waliobanana chini ya majani machanga, wakinyonya utomvu na kutoa maji matamu ambayo sisimizi huyalamba na kuyalinda. Waoshe kwa maji yenye msukumo, ukishikilia kitawi kwa mkono wa pili kisivunjike. Wakirudi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na viungo vingi katika lita moja ya maji, unyunyize upande wa chini wa majani jioni, na asubuhi usuuze. Lakini kabla ya kunyunyiza, tafuta kati yao vidukari vilivyovimba, vya rangi ya kahawia, vikavu kama karatasi, vingine vikiwa na kitundu cha duara mgongoni. Hao wameuawa na nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani yao. Ukiwaona wengi, weka chupa ya sabuni chini. Kazi inafanyika bila wewe.

Majani yakiwa na vidoa vingi vilivyopauka kama yamenyunyiziwa vumbi, na hasa kwenye marigodi, yale maua ya manjano au chungwa yenye harufu kali, wakati wa joto kavu, shuku utitiri mwekundu. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili, subiri. Ukiona nukta zinazotembea, na ukizisugua zinaacha michirizi ya rangi ya kutu, umewapata. Utitiri hupenda ukavu, kwa hiyo maji ya kunyunyiza chini ya majani kila siku kadhaa huwavuruga. Marigodi iliyojaa utando, ing'oe tu.

Matundu makubwa kwenye mrehani yanayotokea usiku, huku mchana huoni mtu, ni ya konokono au viwavi. Nenda na tochi saa tatu usiku. Wote huokotwa kwa mkono.

Mmea wenyewe unakufa

Rozmari yangu ya kwanza niliiua kwa upendo. Niliimwagilia kila jioni, ikaanza kupauka kuanzia chini, nikadhani ina kiu, nikaongeza maji. Nilipoitoa kwenye chungu, mizizi ilikuwa ya kahawia na ngozi yake ikachomoka vidoleni kama soksi iliyolowa, ikibaki uzi mwembamba katikati.

Tofauti ya kiu na kuoza ni hii: mmea ulionyauka juu ya udongo mkavu una kiu, na utainuka saa chache baada ya kunywa. Ulionyauka juu ya udongo uliolowa unazama. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili kabla ya kushika kopo la maji. Kwa rozmari na lavenda, kikitoka na ubichi, ondoka. Udongo wao uwe mwepesi, hata nusu yake ikiwa mchanga wa chengachenga au kokoto ndogo, na chungu kiwe na matundu yasiyozibika. Unapopogoa, usikate mpaka kwenye kuni isiyo na majani, mara nyingi haichipui tena.

Mrehani ukianza kuwa na manjano kati ya mishipa ya majani, geuza jani. Manyoya ya kijivu au zambarau upande wa chini ni ubwiri vinyoya, na hauna tiba ya kukuokolea mmea huo. Ng'oa, tupa mbali na mimea mingine, na mara nyingine panda kwa nafasi, ukimwagilia kwenye shina asubuhi badala ya kulowesha majani jioni. Vumbi la rangi ya chungwa chini ya majani ya mnanaa ni kutu. Kata mmea wote mpaka usawa wa udongo na usiweke mabaki kwenye mboji.

Mchaichai hauna makuu. Shina likizeeka na kukauka katikati huku pembeni likichipua, lichimbue, ligawe kwa jembe au panga, panda upya vipande vya pembeni kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90. Kila baada ya miaka miwili au mitatu inatosha. Baridi ya barafu ndiyo adui wake mkubwa, na mrehani huathirika hata kabla ya hapo, joto likishuka chini ya nyuzi 10.

Mboga za jirani zinaliwa ingawa umezizungushia

Hapa ndipo ahadi nyingi zinapovunjika, kwa sababu mche mmoja mmoja wa marigodi pembeni mwa tuta haufanyi kazi ambayo watu huisifia. Sifa ya marigodi iko mizizini: hutoa kemikali inayowadhuru minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaovimbisha mizizi. Ili ifanye kazi, marigodi ijaze tuta zima kwa miezi miwili au zaidi *kabla* ya mboga, kisha ichanganywe na udongo. Kwanza hakikisha una minyoo fundo. Ng'oa mche uliodumaa: vifundo vyake vimo ndani ya mzizi wenyewe na havibanduki. Kwenye jamii ya maharage kuna vifundo vingine, vimebandikwa pembeni, vinatoka kwa kucha, na ukivipasua ndani ni vya waridi. Hivyo ni rafiki, vinanasa naitrojeni ya hewani na kumlisha mmea.

Mfano bora wa mimea inayofukuza wadudu shambani ni kilimo cha sukuma-vuta, kilichotengenezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza tangu miaka ya 1990 dhidi ya funza wa mabua. Desmodiamu, mmea wa jamii ya maharage, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi kumsukuma nondo anayetaga mayai ya funza hao, na matete huzunguka shamba kumvuta nje akatage huko. Angalia wingi: mmea wa kusukuma unajaza kila nafasi, na mdudu ameandaliwa pa kwenda. Sisi nyumbani tunaweka vyungu vitatu vya mnanaa, hatumwachii mdudu mahali pengine, halafu tunalalamika. Ukipanda mboga, acha kando mstari wa mmea ambao mdudu wako anaupenda zaidi, ukague huo kila siku.

Mwarobaini nao unalaumiwa bure. Mti uliosimama haulindi bustani. Azadiraktini, kiungo kinachomkatisha mdudu kula na kujibadili ngozi, imo zaidi kwenye mbegu. Saga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua huivunja. Usitegemee wadudu waanguke papo hapo, watapunguza kula kwanza. Rudia baada ya wiki moja au mvua ikinyesha. Pareto huua kwa kugusa tu, lakini nayo haidumu juani, huua nyuki vilevile, na huhitaji baridi ya nyanda za juu ili itoe maua. Utupa, mmea mwingine wenye sumu ya wadudu, usiutumie karibu na bwawa au mto. Samaki hufa kwa kiasi kidogo sana.

Ngozi inawasha, nyuki wamejaa

Watu wakiona harufu haifiki huyasugua majani mwilini. Jaribu kwanza kipande kidogo ndani ya mkono, usubiri siku moja. Mafuta yaliyokamuliwa yasipakwe bila kuzimuliwa, wala majani ya jamii ya ndimu usiyasugue kisha ukatoka juani, yanaweza kuacha malengelenge. Dawa ya kupaka yenye PMD, kiungo cha kufukuza mbu kinachotokana na mkalitusi wenye harufu ya limau, imejaribiwa na inafaa, ila maelekezo yake hukataza kuwapaka watoto walio chini ya miaka mitatu.

Nyuki ni jambo jepesi. Lavenda, mrehani na rozmari vikichanua huwavuta kwa wingi, na hiyo ni faida kwa mboga zako. Kwenye vyungu vilivyo kando ya viti, kata vichwa vya maua kabla havijafunguka. Vya mbali viache vichanue.